Kabla ya Majivu: Kujiandaa kwa Kwaresima Katikati ya Malimwengu

Kwaresima huanza Jumatano ya Majivu. Kuanzia siku hiyo hadi Jumamosi Kuu zinahesabiwa siku 46 kwenye kalenda. Zikiondolewa Jumapili 6, ambazo tangu kale hazifungwi kwa kuwa kila Jumapili ni ukumbusho wa ufufuko, zinabaki 40. Tarehe yake huhama kila mwaka kwa kuifuata Pasaka. Katika Makanisa ya Magharibi, Pasaka huangukia kati ya 22 Machi na 25 Aprili, hivyo Jumatano ya Majivu haitangulii 4 Februari wala haichelewi kupita 10 Machi. Siku arobaini zilikuwa zimekwisha kujulikana wakati wa Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325, kwa maana kanuni ya tano ya mtaguso huo inazitaja kama jambo la kawaida. Zinakumbusha siku za Yesu jangwani, na nyuma yake siku za Musa mlimani Sinai na mwendo wa nabii Eliya kuelekea Horebu.

Hayo Mkristo wa Kikatoliki, wa Kianglikana au wa Kilutheri huyasikia tangu darasa la katekisimu au la kipaimara. Lisilosemwa mara nyingi ni kwamba Kwaresima, ambayo yenyewe ni maandalizi ya Pasaka, nayo inahitaji kuandaliwa. Anayeingia bila kuamua lolote hufika Juma Kuu akiwa na kumbukumbu ya majivu na Ijumaa mbili tatu za samaki, basi.

Wakristo wa kale walilijua hilo. Kwa karne nyingi Kanisa la Roma lilikuwa na Jumapili tatu za utangulizi, Septuagesima, Seksagesima na Kwinkwagesima, ambapo padre alivaa zambarau na Aleluya ikanyamazishwa wiki kadhaa kabla ya mfungo wenyewe. Kitabu cha Sala cha Kianglikana cha mwaka 1662 bado kina majina hayo. Waorthodoksi, ambao wana waumini Kenya, Uganda na Tanzania, wanaendelea kupanda ngazi hiyo taratibu. Jumapili moja wanasikiliza habari ya Farisayo na mtoza ushuru, nyingine ya mwana mpotevu, nyingine ya hukumu ya mwisho, na baada ya hiyo nyama inaondolewa mezani. Jumapili ya mwisho ni ya Msamaha: jioni yake waumini huinamiana mmoja baada ya mwingine na kuombana radhi, padre akiwa miongoni mwao, na mfungo unaanza usiku huo. Katika Kanisa Katoliki, matengenezo ya kalenda ya mwaka 1969 yaliziondoa Jumapili zile tatu ili Kwaresima ionekane waziwazi inapoanzia. Sababu hiyo ina uzito. Lakini kazi iliyofanywa na wiki zile haikuondoka. Ilihamia nyumbani kwa muumini, na ni wachache walioambiwa kwamba sasa ni yao.

Ugumu wa kuifanya kazi hiyo leo unatokana na mazingira. Katiba ya Tanzania, katika ibara ya 19, inaweka shughuli za jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 8, inakataa dini ya serikali. Huo ni ulinzi mwema, maana imani inayolazimishwa na dola huzaa unafiki. Matokeo yake, hata hivyo, ni kwamba saa ya ofisi, ya kiwanda na ya daladala haina majira ya toba. Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka ni sikukuu za taifa, lakini Jumatano ya Majivu ni siku ya kazi. Ndiyo maana parokia za mijini hujaa saa kumi na mbili asubuhi, watu wakiwa na mabegi ya kazini mgongoni, na hujaa tena jioni.

Nje ya ofisi, biashara ina kalenda yake. Mwaka 2018 na mwaka 2024 Jumatano ya Majivu ilikutana na 14 Februari, siku ya wapendanao, na zitakutana tena mwaka 2029. Siku moja ikamwalika mtu kwenye majivu na kwenye chakula cha jioni hotelini, na kati ya mialiko hiyo miwili ni mmoja tu uliokuwa na matangazo. Kwingineko duniani jambo hili limekwenda mbali zaidi. Waingereza wengi wasiokanyaga kanisani bado wanakaanga chapati za maji Jumanne ya kuamkia Majivu. Asili yake ilikuwa kumaliza mayai, maziwa na siagi nyumbani kabla ya mfungo uliovikataza. Rio de Janeiro, New Orleans na Köln zinajulikana kwa ngoma na gwaride za siku hizo hizo. Sherehe ya kuaga nyama imebaki, na mfungo uliofuata umesahauliwa. Malimwengu hayakuipiga vita Kwaresima. Yalichukua kipande kilichopendeza na kuacha kilichogharimu, na Mkristo wa Afrika Mashariki anaweza kufanya vivyo hivyo bila kwenda Brazili: akangoja nguo mpya na pilau la Pasaka, siku arobaini zikapita kando yake.

Anayeishi Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja ana kipimo kingine karibu naye. Ramadhani inapoingia, mji mzima hujua. Saa za kula hubadilika, vyakula vya futari hujaa sokoni, watu huamshwa kula daku, na hata asiyefunga hujizuia kula barabarani kwa heshima. Mfungaji anabebwa na mtaa. Mwaka 2025 Ramadhani ilianza mwanzoni mwa Machi na Jumatano ya Majivu ikawa 5 Machi, na mwaka 2026 Jumatano ya Majivu iliangukia 18 Februari, wiki ile ile iliyoanza Ramadhani. Majirani wa dini mbili walifunga pamoja, lakini mfungo mmoja tu ulisikika. Kwaresima haina sauti ya namna hiyo mtaani. Mkristo hana haja ya kumwonea wivu jirani yake Mwislamu kwa hilo. Ana haja ya kuelewa kwamba kisichobebwa na mtaa lazima kibebwe na nyumba, na nyumba haibebi kitu ambacho haikukipanga.

Pa kuanzia ni dhamiri. Kwa Wakatoliki, Mtaguso wa Laterani wa mwaka 1215 uliagiza kila mwamini aungame walau mara moja kwa mwaka, na sheria ya Kanisa ya sasa inadai vivyo hivyo kwa dhambi kubwa. Desturi iliyoenea ni kungoja Juma Kuu, wakati mistari ya kuungama inazunguka kanisa na padre mmoja ana dakika mbili kwa kila mtu. Ni heri kitubio kije mwanzoni. Anayeungama kabla ya Jumatano ya Majivu au katika juma lile la kwanza hupata siku arobaini za kuishi alichoahidi. Anayengoja Jumatano ya Juma Kuu hupata siku tatu. Katika Makanisa yasiyo na kitubio cha faragha, kazi hiyo inaweza kufanyika kwa kuketi na mchungaji, au kwa saa moja ya ukimya mbele ya Mungu, mtu akiupitia mwaka wake bila kujitetea.

Dhamiri ikichunguzwa vizuri hutaja majina ya watu. Kuna ndugu waliogawanywa na mirathi au mpaka wa shamba, rafiki aliyekopa akakwepa simu, mke na mume wanaozungumza kwa kupitia watoto, shangazi aliyejiondoa kwenye kundi la simu la ukoo baada ya maneno makali. Injili ya Mathayo inamtaka mwenye sadaka aiache mbele ya madhabahu akapatane kwanza na ndugu yake. Ndiyo hekima iliyomo katika Jumapili ya Msamaha ya Waorthodoksi, na hakuna kinachomzuia Mkatoliki au Mlutheri kuifuata sebuleni kwake. Si kila ugomvi utakwisha kwa jioni moja. Kesi ya kiwanja inaweza kubaki mahakamani wakati chuki imeanza kutoka moyoni, na simu ya kwanza ya salamu, hata ikiwa fupi na ya kubabaika, ni toba halisi kuliko azimio la kuacha sukari.

Baada ya hapo ndipo suala la kufunga linaeleweka. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983 ni nyepesi kuliko wengi wanavyodhani. Siku za kufunga ni mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, na zinawahusu wenye umri kuanzia miaka 18 hadi wanapotimiza 59. Kwa desturi ni mlo mmoja kamili na miwili midogo. Kujinyima nyama siku hizo na Ijumaa kunawahusu wenye miaka 14 na kuendelea. Wagonjwa na wajawazito hawadaiwi. Mabaraza ya maaskofu yanaweza kuweka namna nyingine za kujinyima, na ruhusa hiyo ina maana kubwa katika nchi zetu: kaya inayokula nyama kwenye sikukuu tu haijanyimwa chochote kwa kukatazwa nyama Ijumaa, na mwenye uwezo anayeagiza kamba na sangara wa kukaanga badala ya mbuzi amebadilisha meza tu. Kila mmoja anapaswa kujiuliza mapema kinachomtawala ni nini hasa.

Swali hilo ni la kale. Mwaka 387, siku chache kabla ya Kwaresima, watu wa Antiokia walifanya ghasia kwa sababu ya kodi mpya na kuangusha sanamu za Kaisari Theodosius na familia yake. Mji ukakaa kwa hofu ukingoja adhabu. Yohane Krisostomo, wakati huo padre wa mji huo, aliwahubiria katika majuma hayo yote, na hotuba zake zimehifadhiwa mpaka leo. Alisisitiza kwamba mfungo wa mdomo peke yake haumfai mtu. Macho yafunge, masikio yafunge kusikiliza masengenyo, mikono ifunge dhuluma. Anayejinyima kuku na huku anamtafuna ndugu yake kwa maneno, kwake huyo hajafunga. Watu wa Antiokia hawakuwa na simu za mkononi, lakini hotuba ile inaziingia bila kulazimishwa. Kwa kijana wa leo mwenye bando la intaneti, macho na masikio hayana mapumziko, na masengenyo yanamfuata mpaka kitandani. Mfungo wake wa kweli unaweza kuwa kuiacha simu sebuleni saa tatu usiku. Kwa mwingine ni mkeka wa kubeti anaoutandika kila wikendi kwa fedha ya chakula. Kwa mwingine ni bia, au kiti chake cha kudumu penye nyama choma. Azimio la namna hii lina nafasi ya kudumu likiwa moja, limetajwa kwa jina na kuwekewa siku na saa. Atakayeahidi kuacha mambo saba Jumatano atakuwa ameyarudia yote ifikapo Jumapili ya pili.

Wapo Wakristo wanaoitilia shaka Kwaresima nzima, na hoja yao ina historia ya heshima. Mwaka 1522 mjini Zürich, nyumbani kwa mpiga chapa Christoph Froschauer, soseji zililiwa katika Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, na mwanamatengenezo wa Kanisa Ulrich Zwingli akawatetea waliozila akisema Injili haikumfunga mtu kwa sheria ya vyakula. Makanisa mengi ya Kipentekoste hayana Kwaresima, na hufunga kwa nyakati zake yenyewe. Hoja ya Zwingli inawafaa hata wanaoishika Kwaresima: mfungo ni wa mtu huru, na asiyejua kwa nini anafunga bado hajajiandaa.

Fedha ndiyo sehemu inayopuuzwa zaidi katika maandalizi, na ndiyo inayodai mpango kuliko nyingine. Kwaresima hufika wakati mifuko imetobolewa na ada za shule za Januari, na wengi hudhani hawana cha kutoa. Papa Leo Mkuu, katika karne ya 5, aliwahubiria Warumi kwamba kile ambacho mfungaji hakukila ni cha maskini. Mfungo unaobaki kuwa akiba ya mfungaji haujakamilika. Kanuni hiyo haihitaji utajiri. Gharama ya kitu kilichoachwa inajulikana, iwe ni bei ya bia nne au ya bando la wiki, na inaweza kuwekwa kando kila inapookolewa, ili ifike kwa mtu au mfuko uliokwisha kuamuliwa. Nchini Kenya, Tume ya Haki na Amani ya Kanisa Katoliki huandaa kampeni ya Kwaresima kila mwaka, na kijitabu chake hutoa mada moja kwa kila juma kuhusu mambo ya nchi, kama uongozi, familia au mazingira. Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania nalo hutoa ujumbe wa Kwaresima. Kuvipata vijitabu hivyo kabla ya Jumapili ya kwanza, na kuvisoma nyumbani, ni maandalizi yasiyo na gharama kubwa.

Hata hivyo Maandiko yana dai lililo gumu kuliko sadaka. Sura ya 58 ya kitabu cha nabii Isaya, ambayo husomwa siku za mwanzo za Kwaresima, inawalaumu watu wanaofunga huku wakiwakandamiza vibarua wao siku ile ile. Hapo nabii anaingia moja kwa moja katika nyumba za mijini. Dada wa kazi anayeidai nyumba mishahara ya miezi miwili, mlinzi anayelipwa kwa ahadi, fundi aliyezungushwa tangu Krismasi, hao wanadai haki yao, na haki haihesabiwi kuwa sadaka. Mwenye nyumba anayetaka kuingia Kwaresima vizuri alipe kwanza madeni hayo, au akae na wanaomdai waandikiane lini atawalipa. Majivu kwenye paji la uso wa mtu mwenye mshahara wa mwenzake mfukoni yana aibu ambayo hakuna wimbo wa toba unaoweza kuifunika.

Sala inahitaji muda, na muda wa mjini umekwisha kuuzwa. Afadhali dakika kumi na tano za saa ile ile kila siku kuliko saa nzima inayotafutwa na kukosekana. Masomo ya Misa ya kila siku yanatosha kuwa kitabu cha Kwaresima kwa asiyejua aanzie wapi. Ijumaa kuna Njia ya Msalaba, ambayo vituo vyake 14 viliwekwa na Papa Klementi wa 12 mwaka 1731, na anayetoka kazini jioni anahitaji kujua mapema ni parokia gani iliyo njiani mwake na inaanza saa ngapi. Msaada mkubwa zaidi, kwa Wakatoliki, uko kwenye jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya kipaumbele cha uchungaji mwaka 1976. Jumuiya ndiyo mtaa mdogo ambao Kwaresima inauhitaji. Watu kumi wanaokutana sebuleni mwa mmoja wao wanaweza kukubaliana kuzima runinga usiku mmoja kwa wiki, au kumtembelea mgonjwa kila Jumamosi, na kuulizana bila kuoneana haya kama limefanyika.

Kazini, suala ni kiasi cha kuonekana. Injili ya Jumatano ya Majivu, kutoka sura ya 6 ya Mathayo, inaonya dhidi ya kusali, kutoa na kufunga ili watu waone, na inasomwa siku ile ile ambayo waumini wanatoka kanisani na alama usoni. Kuna anayeifuta mlangoni kwa kuogopa maswali, na kuna anayeipiga picha na kuirusha mtandaoni kabla haijakauka. Mwenye kuliweka hilo sawa huiacha alama ilivyo na kujibu kwa ufupi akiulizwa. Anayekataa nyama kwenye chakula cha mchana cha ofisi hahitaji kuhubiri. Wenzake wakijua anafunga kwa sababu hasira yake imepungua na ripoti zake haziandikwi kwa kuumbua wengine, wameona kinachotosha.

Harusi na vikao vyake vinahitaji neno moja. Katika parokia nyingi ndoa hazifungwi Kwaresima, hivyo wiki za kabla yake hujaa michango, vikao na sherehe za kuwahi. Familia inayoitazama tarehe ya Pasaka mapema inaweza kupanga harusi yake bila kuingia Jumatano ya Majivu ikiwa imechoka na imejaa madeni. Watoto nao wapangiwe jambo lao. Mtoto anayeacha pipi ili mwenzake asiye na daftari anunuliwe moja ameelewa mfungo na sadaka kwa pamoja, na haihitaji mkutano wa watu wazima kumfafanulia.

Kuna kundi ambalo Kwaresima iliwekwa kwa ajili yake tangu mwanzo, nalo ni wakatekumeni, watu wazima wanaojiandaa kubatizwa katika Kesha la Pasaka. Mtaguso wa Pili wa Vatikani ulikumbusha mwaka 1963 kwamba majira haya yana sura mbili, ya ubatizo na ya toba. Hujaji Egeria, aliyetembelea Yerusalemu mwishoni mwa karne ya 4, aliandika jinsi majina ya wakatekumeni yalivyoandikishwa kabla ya Kwaresima kuanza, na jinsi askofu alivyowauliza majirani kuhusu kila mmoja wao: kama anawaheshimu wazazi wake, kama ni mlevi, kama ni mwongo. Katika jumuiya ndogo ndogo za Tanzania na Kenya jambo hilo halijafa, maana wanajumuiya wenyewe huulizwa kuhusu anayeomba sakramenti. Parokia yenye wakatekumeni inaweza kuwataja kwa majina mbele ya waumini Jumapili ya mwisho kabla ya Majivu, na kila jumuiya ikachukua mmoja wa kumwombea na kumtembelea. Waliobatizwa zamani wana mahali pao katika kesha hilo, kwa sababu watarudia ahadi zao za ubatizo pamoja na wapya. Na kwa kuwa Alhamisi Kuu ni siku ya kazi na mabasi ya kwenda mikoani hujaa tangu mapema, likizo ya siku hizo huombwa Februari.